Mdogo wangu amemaliza fedha za dagaa kwenye kamari: je, tumlipie deni?

Mchuuzi wa Mwaloni

Ndugu zangu, ninaomba ushauri kuhusu mdogo wangu, ambaye kwa miaka minne amekuwa akimnunulia dagaa tajiri mmoja hapa mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, na kuaminiwa na kila mtu. Wiki iliyopita alikabidhiwa shilingi 1,400,000 za kununulia mzigo Ukerewe, akarudi mikono mitupu na kusema kwamba aliibiwa melini. Shemeji ndiye aliyefungua simu yake akakuta ujumbe wa malipo umepangana, elfu tano, elfu tano, elfu kumi, elfu hamsini, kuanzia saa tano usiku hadi alfajiri, na fedha zote zimeishia kwenye mchezo wa kindege, ule wa kubashiri kwenye simu. Tulipombana alikiri, akalia, kisha akaongeza kwamba anadaiwa pia na watu watatu wa mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa.

Mama ameshaanza kutafuta mteja wa ng'ombe wake wawili kule Sengerema ili tajiri alipwe kabla hajakwenda polisi. Hii itakuwa mara ya tatu kwa familia kumlipia, na mara zote mbili aliapa kuacha. Je, huu ni ugonjwa au ni tabia mbaya tu? Na kama ni ugonjwa, hapa Mwanza anatibiwa wapi?

Muuguzi Nyakato

Pole sana, ndugu yangu, na mama mfikishie pole. Ni ugonjwa: Shirika la Afya Duniani limeuweka miongoni mwa uraibu katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022. Daktari hapimi kwa kiasi cha fedha kilichopotea, bali hutazama kama mtu ameshindwa kujizuia, kama kamari imetangulia mbele ya kazi na familia, na kama anaendelea kucheza ilhali madhara anayaona kwa macho yake. Hizo elfu tano zilizokuwa elfu hamsini kabla ya jua kuchomoza ndiyo dalili tunayoiona mara nyingi, kwa maana mchezaji huwa hatafuti tena utajiri, anatafuta kurudisha alicholiwa.

Hospitali ya Bugando wana idara ya magonjwa ya akili, na mnaweza pia kuanzia hospitali iliyo karibu nanyi mkaomba rufaa. Tiba yenyewe kwa sehemu kubwa ni mazungumzo ya vikao kadhaa, ambamo mgonjwa huchambua fikra kama ile ya kwamba ukiliwa mara kumi ya kumi na moja lazima itoke, wakati mchezo haukumbuki raundi iliyopita. Dawa huongezwa pale anapoonekana ana sonona au tatizo la pombe.

Jambo moja lisingoje hata siku ya kliniki: muulizeni waziwazi kama amefikiria kujiua. Swali hilo halimtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo, na mwenye uraibu huu, tena akiwa na madeni, yumo hatarini kweli. Akijibu ndiyo, msimwache peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Babu wa Igogo

Mimi ningemwacha alale ndani polisi wiki mbili, ugonjwa huo ungepona. Kurani imekataza kamari katika Sura ya tano, aya ya 90, wala haikusema ni maradhi.

Nilichana Mikeka

Shikamoo, babu. Mimi nililala ndani siku nne kwa deni la namna hii, na siku ya tano nilikuwa mbele ya dubwi, ile mashine ya kamari, na nauli niliyopewa ya kurudi nyumbani. Haramu niliijua tangu madrasa; kilichonishinda kilikuwa kuacha.

Ndugu mwuliza swali, msimpe fedha mkononi, na hao ng'ombe wasiuzwe kwanza. Kila nilipolipiwa deni nilipumua, na pumzi hiyo ndiyo iliyonirudisha kwenye mkeka wa kubashiri, kwa kuwa nilijua nyumbani bado kuna cha kuuzwa. Mwiteni tajiri, mwambieni ukweli, mpatane alipwe kidogo kidogo, na atakayepeleka fedha awe wewe au shemeji.

Simu nayo ina hila zake. Mimi nilinunua kitochi, simu ndogo ya vitufe, nikidhani nimemaliza kazi, kumbe menyu ya kubashiri inafunguka hata humo. Kilichonisaidia ni mke wangu kushika laini yenye fedha pamoja na namba ya siri, na mimi kuziandikia kampuni zote zifunge akaunti zangu. Kampuni ikikaidi, Bodi ya Michezo ya Kubahatisha hupokea malalamiko.

Mchungeni pia siku za mbalamwezi. Taa hazivuti dagaa, mitumbwi imelala mchangani, vijana wana fedha za giza lililopita, yaani za siku zisizo na mwezi, na hawana la kufanya mchana kutwa. Mimi niliteleza mara mbili baada ya kuanza matibabu, na zote zilikuwa siku hizo.

Mchuuzi wa Mwaloni

Ninawashukuru nyote, na babu pia. Nilimwuliza lile swali jana tukiwa wawili, tumekaa juu ya magunia. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba aliliwaza akiwa melini, akitazama maji. Hatukusubiri, usiku huo huo tulimpeleka hospitali, na shemeji amebaki naye. Mama ameahirisha kuuza ng'ombe, ingawa bado ananuna. Tajiri amekubali laki moja kila mwezi kwa sharti kwamba niipeleke mimi, na kwamba mdogo wangu akirudi kazini atapima na kuandika mizigo tu, fedha asishike.

Muuguzi Nyakato

Mmefanya vyema. Kabla hajaruhusiwa, ombeni tarehe ya kliniki iandikwe kwenye cheti chake, na wewe mwenyewe umsindikize.