Intaneti ya nyumbani hukatika dakika mbili au tatu kisha hurudi yenyewe (Raskazone, Tanga)

MkaziWaRaskazone:
Salaam, ndugu zangu. Nyumbani kwangu, karibu kabisa na bahari, natumia intaneti inayopokelewa kwa antena iliyofungwa juu ya paa na kuletwa kwa waya hadi kwenye ruta sebuleni. Tangu mvua za vuli zianze, huduma hukatika mara nne au tano kwa siku, na hali huwa mbaya zaidi alfajiri, wakati umande ungali juu ya mabati. Ruta nimeizima na kuiwasha mara nyingi bila mafanikio, na mtoa huduma ananiambia kwamba upande wake ni salama. Binti yangu anasoma kwa njia ya mtandao, na juzi alikatikiwa katikati ya mtihani. Naomba mnisaidie: nianzie wapi?

FundiWaChumbageni:
Pole, kaka, na umpe pole binti. Kwanza acha kuizima ruta, maana kila ukiizima unapoteza dalili. Unganisha kompyuta na ruta kwa waya, ili waifai isituchanganye, kisha uendeshe amri ya ping, inayokiita kifaa na kungoja kijibu, bila kukoma katika madirisha matatu: la kwanza kwa ruta, ambayo mara nyingi anwani yake ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, la pili kwa antena, ambayo anwani yake anayo aliyekufungia, na la tatu kwa 8.8.8.8, seva ya Google. Huduma ikikatika, tazama ni lipi lililonyamaza. Likinyamaza la tatu peke yake, tatizo liko kwenye mawimbi au kwa mtoa huduma, nawe utakuwa na hoja ya kumrudia. Antena nayo ikinyamaza ilhali ruta inajibu, kagua waya, plagi zake na kile kisanduku kinachoipelekea antena umeme.

Hizo dakika mbili au tatu ndizo zinazonitia shaka. Antena hupata umeme kupitia waya uleule unaobeba data, kwa hiyo plagi iliyoliwa na chumvi ikipoteza mguso kidogo tu, antena huzimika, huwaka upya na kuutafuta mnara, na kazi hiyo huchukua takriban muda huo.

MwalimuWaMakorora:
Kwetu nyumba zimebanana, na ruta za majirani zilikuwa zote kwenye chaneli moja ya 2.4 GHz, yaani njia moja ya mawimbi ya waifai; nilipohama kutoka chaneli ya 6 kwenda ya 11 nilipata nafuu. Hata hivyo, waifai iliyosongamana huifanya intaneti kuwa nzito, na haijali umande. Nakubaliana na fundi.

MkaziWaRaskazone:
Leo saa kumi na moja na nusu alfajiri ilikatika mbele ya macho yangu. Ruta iliendelea kujibu, lakini antena na 8.8.8.8 zilinyamaza pamoja, na iliporudi, ukurasa wa antena ulionyesha kwamba imewaka kwa dakika moja tu. Kijana aliyepanda paani alipochomoa plagi, tone la maji lilidondoka, na kati ya vile vidole vinane vya shaba, viwili vilikuwa vimefunikwa na unga wa kijani. Waya wenyewe ni mweupe, na ganda lake limepasuka kwa jua.

FundiWaChumbageni:
Huo ni waya wa ndani ya nyumba, na haukupaswa kufungwa nje. Chumvi, unyevu na umeme vikikutana, shaba huliwa upesi sana. Usibadilishe plagi peke yake, kwa sababu maji huenda yameshapenya ndani ya ganda. Weka waya wa nje, ule mweusi, wenye shaba halisi na si alumini iliyopakwa shaba. Kabla haujaingia ukutani, uning'inie kidogo chini ya tundu ndipo upande, ili maji yadondokee nje. Kisanduku cha umeme kichomolewe kabla ya kazi, na mwelekeo wa antena usiguswe hata kidogo.

MkaziWaRaskazone:
Waya mpya ulifungwa juzi kama ulivyoelekeza. Usiku wa kuamkia leo mvua ilinyesha, na ping niliyoiacha ikiendelea hadi asubuhi haikukosa jibu hata moja. Nashukuru sana, fundi. Binti atarudia mtihani wake Jumatatu.