Kubadilisha bomba la ekzosi linalounganisha pande mbili za injini ya Forester turbo nyumbani: je, mlio utapendeza zaidi?

Mkazi wa Shangani

Habari za wakati huu, wakuu. Ninatumia Subaru Forester SG5 yenye turbo (feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa zaidi), injini ya EJ205, na ninaishi Shangani hapa Mtwara mjini. Upepo wa chumvi umelila bomba linalopita chini ya sampu ya oili (bakuli la oili lililo chini ya injini), yaani lile linalochukua moshi wa silenda za upande wa kushoto na kuupeleka upande wa kulia ambako turbo imekaa. Nikiligonga kwa bisibisi, kutu inabanduka magamba kwa magamba, na kwenye flanji, yaani bamba la kuungia bomba, kuna mstari mweusi wa masizi unaoonyesha kwamba moshi umekwisha kupata njia. Asubuhi, injini ikiwa bado ya baridi, husikika mlio mdogo wa kugonga unaofuata mwendo wa injini, kisha hupungua gari likipata moto.

Kwa kuwa bomba hilo ni lazima libadilishwe, ningependa kutumia nafasi hii kuboresha mlio. Muuzaji mmoja wa vipuri aliyeko Dar es Salaam ameniambia kwamba anayo manifodi nzima (mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye silenda) ya chuma cha pua ambayo mabomba yake yana urefu sawa, na kwamba nikiifunga gari litanguruma zaidi kuliko linavyonguruma sasa. Naomba kufahamishwa kama maneno hayo ni ya kweli, na kama kazi hii inaweza kufanyika nyumbani na mtu mwenye spana za kawaida na subira.

Fundi wa Mikindani

Ndugu yangu wa Shangani, umefanya vyema kuuliza kabla ya kutuma pesa, kwa sababu ukinunua manifodi hiyo kwa ajili ya mlio utapata kinyume cha unachokitafuta.

Ule mngurumo ambao watu wa Subaru wanaupenda hautokani na ukubwa wa bomba wala na sailensa. Unatokana na urefu usiolingana. Injini yako inawaka kwa mpangilio wa 1-3-2-4. Silenda ya 1 na ya 3 ziko kulia, ya 2 na ya 4 ziko kushoto. Kwenye vichwa vya injini mapigo yanatoka kwa nafasi sawa, kila nusu mzunguko wa krankishafti pigo moja. Lakini yale ya kulia yanafika kwenye turbo mapema kwa kuwa njia yao ni fupi, ilhali yale ya kushoto yanalazimika kwanza kuvuka chini ya injini kupitia bomba hilo hilo lililoliwa na kutu. Matokeo yake ni kwamba nafasi kati ya pigo la 3 na la 2 inarefuka, na nafasi kati ya pigo la 4 na la 1 inafupika, na sikio linaipokea tofauti hiyo kama mngurumo wa kudunda. Ukisawazisha urefu, mapigo yanarudi kuwa ya nafasi sawa na gari linalia kama gari lolote la silenda nne; huenda likawa na sauti kubwa, lakini ule mdundo utakuwa umekwenda.

Ushahidi uko barabarani. Legacy GT ya Kijapani iliyotoka mwaka 2003 ilipewa turbo yenye njia mbili za moshi pamoja na manifodi ya urefu sawa, na mwenye sikio la Subaru akiisikia kwa mbali anaitambua kwamba haingurumi kama Forester yako. Hapo hapo nikuonye: usikubali kuuziwa manifodi iliyovuliwa kwenye Legacy hiyo kwa sababu tu injini zote mbili ni za familia ya EJ20. Bomba lake la kupandia kwenye turbo lina njia mbili, la kwako lina moja, na sampu nayo ni tofauti.

Ushauri wangu ni utafute bomba lenye umbo lile lile la kiwandani, urefu usio sawa, ila la chuma cha pua. Ukitaka sauti nzito zaidi, ishughulikie nyuma ya turbo. Turbo yenyewe inameza sehemu kubwa ya kelele, kwa hiyo mabadiliko ya sailensa ya nyuma yatasikika zaidi kuliko mabadiliko yoyote ya unene wa bomba la mbele.

Mpenda Mwendo, Masasi

Fundi ameeleza kweli tupu kuhusu mlio, lakini naomba niitetee manifodi ya urefu sawa ili mwenye gari aamue akiwa na picha nzima. Mapigo yanayofika kwa nafasi sawa yanaisukuma turbo kwa utulivu zaidi, na gari linaitika vizuri unapokanyaga mafuta injini ikiwa kwenye mzunguko wa chini. Kwangu mimi ninayepandisha mzigo kuelekea Newala, hiyo ina thamani kuliko mngurumo. Nimeifunga kwenye gari langu na sijutii. Hata hivyo, kama swali ni mlio peke yake, sitakuambia uinunue.

Mkazi wa Shangani

Nawashukuru nyote. Nilikuwa tayari kabisa kutuma fedha, kwa hiyo mmeniokolea kiasi kikubwa. Nitabaki na urefu usio sawa. Sasa naomba mnisaidie upande wa kazi yenyewe: sina shimo la gereji, uwanja wangu ni mchanga mtupu, na natti zimeliwa na kutu kiasi kwamba pembe zake hazionekani vizuri. Vilevile, je, si rahisi zaidi kuchomelea kiraka kwenye bomba la zamani?

Dada Fundi, Lindi

Kaka, nianze na mchanga, kwa maana huko ndiko kuliko na hatari ya kifo. Jeki ikisimama juu ya mchanga inazama upande mmoja polepole bila wewe kuiona, na gari linahama. Tandika mbao nene na pana chini ya jeki, na nyingine chini ya kila stendi. Zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe mbele na nyuma. Kisha, kabla hujaingia chini, lisukume gari kwa mikono miwili kwa nguvu zako zote. Likitikisika, shusha upange upya. Usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, hata kwa kuangalia tu.

Natti ndizo zitakazokula muda wako. Vichwa vya injini hiyo ni vya aluminiamu na stadi, yaani vijiti vyenye nyuzi vinavyoshika natti, ni za chuma. Stadi ikikatikia ndani, kazi ya nyumbani imeishia hapo, na utahitaji mtu wa kutoboa na kutia nyuzi mpya. Kwa hiyo pulizia mafuta ya kulegeza kutu jioni, rudia asubuhi, na uanze kazi injini ikiwa na uvuguvugu, si ya moto. Safisha natti kwa brashi ya waya mpaka uone chuma, kisha tumia soketi namba 14 yenye pembe sita, kwa sababu ile ya pembe kumi na mbili inateleza kwenye natti iliyolika. Fungua robo mzunguko, ukisikia inakuwa ngumu na kulia kama mlango mkavu, irudishe kidogo ulikotoka, tia mafuta tena, ndipo uendelee. Mtu mwenye haraka hapa ndiye anayekata stadi.

Kama kihisi cha oksijeni, kinachopima oksijeni iliyomo kwenye moshi, kimefungwa kwenye kipande unachokitoa, chomoa soketi yake ya umeme kwanza na usiuache waya ubebe uzito wa bomba. Gasketi ziwe mpya zote, hata ile inayoonekana nzima, na nyuso za flanji uzikwangue mpaka ziwe safi. Weka natti zote kwa vidole kabla ya kukaza hata moja, kisha kaza kwa kupokezana, hatua kwa hatua, hadi mkazo ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Mabati ya kuzuia joto yarudishe mahali pake. Wengi huyatupa kwa sababu yanapiga kelele, na baada ya hapo joto linakausha buti za ekseli na kuichemsha sampu.

Fundi wa Mikindani

Dada amemaliza sehemu kubwa, nami namuunga mkono. Naongeza juu ya kiraka na juu ya chuma.

Kiraka hakifai. Bomba lililoliwa kwa ndani ni jembamba kuliko linavyoonekana, moto wa kuchomelea unalitoboa pembeni mwa kiraka, na unakuwa unafukuza tundu. Tena kumbuka kwamba hili ni bomba ambalo moshi hulipitia kabla ya kufika kwenye turbo: moshi uliomo una mgandamizo na joto kali, kwa hiyo tundu dogo linaloweza kuvumilika kwenye sailensa, hapa linainyima turbo nguvu. Tundu likiwa kabla ya kihisi cha oksijeni, hewa ya nje inaingia, kompyuta ya injini inadhani mchanganyiko una petroli kidogo, na inaongeza petroli isiyohitajika.

Kuhusu chuma, uliza daraja lake. Daraja la 304 lina kromiamu asilimia 18 hivi na nikeli asilimia 8 hivi, na linavumilia hewa ya pwani yetu. Daraja la 409 lina kromiamu asilimia 11 hivi bila kiasi hicho cha nikeli. Ni chuma kizuri cha ekzosi, lakini kwa mtu anayelala mita chache kutoka baharini litapata kutu ya juu mapema. Ikibidi kuunganisha kipande, tafuta fundi anayechomelea kwa gesi ya agoni, si yule wa mageti mwenye vijiti vya chuma cha kawaida, na betri ichomolewe kabla hajawasha mashine.

Ukimaliza, lishushe gari uwanjani kwenye upepo, usiliwashe ndani ya banda. Moshi wa petroli una kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, na inaua. Injini ikiwa bado ya baridi, liwashe na upake maji ya sabuni kwenye kila flanji. Pakitoka mapovu, zima na urudie kukaza. Kisha endesha hadi Mikindani na kurudi, liache lipoe kabisa hadi kesho yake, ndipo ukague mkazo wa natti zote upya, kwa kuwa gasketi mpya hukaa chini baada ya moto wa kwanza na natti zilizokuwa ngumu jana utazikuta zimelegea.