Mafundi tairi, nati inaanzwa kwa vidole, siyo kwa mashine!

Wakuu, nimekereka na leo lazima niseme.

Juzi nimepata pancha njiani, giza linaingia. Natoa spana ya tairi iliyokuja na gari, nati nne zinafunguka kwa shida, ya tano haisogei. Nakanyaga, wapi. Napanda juu ya spana mzima mzima, ikalia "kwa!" kama mfupa, ikaachia. Nikashukuru Mungu. Kumbe sijafungua kitu, nimekata bolti.

Nikamulika kile kipande kwa tochi ya simu. Nusu ya mkato nyeusi, ina kutu. Nusu inang'aa kama sindano mpya. Yaani ufa ulikuwepo siku nyingi, mimi nimemalizia tu. Meno yake yamelala upande, yamesagika. Hapo ndipo nikamkumbuka fundi aliyenifungia tairi mara ya mwisho: nati anaitia kwenye soketi, analenga bolti, trrrrr! Zote tano hata dakika haikuisha. Na mimi boya nilisimama pale namsifia kwa kasi.

Jamani, mizunguko mitatu minne ya mkono inakupunguzia nini? Ikigoma, irudishe nyuma uanze upya. Mashine ya upepo haijui kugoma, yenyewe inapitisha tu, meno yakatike yasikatike. Ikishakaa, shusha jeki tairi iguse chini, kaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, ukiruka nati moja upande huu na nyingine upande wa pili. Toyota nyingi ndogo zinataka 103 Nm. Mashine zenu zinapita hapo mara kadhaa bila kutoa jasho, halafu sisi na spana fupi ya kwenye buti tufungulie nini?

Fundi wa pili naye kituko. "Bosi, nne zinatosha, tembea." Nikakataa. Akaja na bolti ya Nissan. Ukizitazama ni mapacha, zote M12, yaani unene milimita 12. Ila ya Toyota yangu, kutoka jino hadi jino ni milimita 1.5, za Nissan nyingi ni 1.25. Nati inaingia kidogo halafu inakaza. Niliijaribu kwa vidole, ikagoma. Sasa piga picha angeijaribu kwa mashine!

Ilipopatikana ya Toyota, kazi yenyewe haikuwa kubwa: kalipa na disiki za breki vikatoka, habu (kile kitovu kinachoshika bolti za tairi) ikazungushwa mpaka penye nafasi kwa nyuma, kile kisiki kikagongwa kikatoka. (Kugonga kwa kiasi, beringi iko pale pale.) Bolti mpya ikapitishwa kutokea nyuma, zikawekwa washa kadhaa (vile vipete bapa) zenye grisi, nati ya zamani ikageuzwa upande bapa, ikavutwa taratibu kwa spana ndefu mpaka kichwa kikakaa sawa na habu. Alishaanza kuchomeka mpira wa upepo ili avute kwa mashine. Nikamshika mkono.

Na wewe mwenye gari, achana na soketi ya pembe 12, inakula kona za nati. Tafuta ya pembe 6, ndefu, yenye saizi kamili. Zile nati zenye kofia ya kung'aa ndiyo balaa, kutu ikiingia chini ya kofia zinavimba, soketi ya 21 haiingii, ya 22 inacheza. Mimi nimezitupa zote, nimeweka za chuma kitupu. Bomba la kurefushia spana ni la kufungulia tu, ole wako ukazie. Na ukitembea kama kilomita 80 hivi, simama upime tena.

Jana nilimpelekea yule wa kwanza kipande chake. Akakigeuzageuza kiganjani, akasema, "Bosi, hizi bolti za siku hizi feki." Bolti imekuja na gari kutoka kiwandani! Nyuma yake kijana wake ameshika mashine, nati ndani ya soketi, analenga gari la mtu. Trrrrr.