Ushuru wa mafuta ya kula kutoka nje: tupewe kiwango kimoja cha miaka 10 au tuendelee kubahatisha kila Juni?

MLETA MADA:
Wakuu habari zenu. Kila mafuta yakipanda bei tunagawanyika pande mbili, hawa fungueni mlango ya Malaysia na Indonesia yaingie, wale pandisheni ushuru mkulima apumue. Mi nalima alizeti huku Iramba, Singida, kwa hiyo mjue nina upande. Ila kiwango chenyewe sigombani nacho sana, ninachogombana nacho ni kubadilishwa badilishwa.

Angalieni kalenda ya alizeti. Mbegu naifukia Desemba au Januari mvua zikishika, navuna kuanzia Mei, mwezi wa 6 magunia yanaenda kwa mkamuaji. Na mwezi huohuo waziri wa fedha ndo anasoma bajeti! Yani ushuru utakaoamua bei ya gunia langu natangaziwa nimeshalima, nimeshapalilia, nimeshavuna.

Bajeti ya 2018/19 ushuru ulipandishwa, mafuta ghafi ya mawese asilimia 25 na yaliyosafishwa 35, watu wakapata moyo wakaongeza mashamba. 2022 vita ya Ukraine ikapandisha bei dunia nzima, ushuru ukalegezwa, na mwaka huohuo serikali inagawa mbegu za ruzuku Singida, Dodoma na Simiyu, tukalima kwa nguvu. Msimu wa 2023 tunafika sokoni mafuta ya nje yamejaa, gunia nikauza chini ya nusu ya bei ya mwaka uliotangulia. Bajeti ya mwezi ule ushuru ukapanda tena, ila wengi walishauza kulipa madeni. Jirani zangu kadhaa msimu uliofuata wakapanda mtama.

Na pengo lenyewe siyo la jana. Miaka ya 2020 na 2021 serikali ilikuwa inataja mahitaji ya mafuta ya kula tani 570,000 kwa mwaka na sisi tunazalisha kama 205,000. Midomo nayo inaongezeka, sensa ya 2012 milioni 44.9, ya 2022 milioni 61.7. Halafu ufuta wa Lindi na Mtwara tunauza nje ukiwa mbegu hivyohivyo, mashine zetu za kukamua huku zinalala miezi kibao kwa kukosa alizeti.

Nasema ushuru upangwe wa miaka 10 usiguswe. Mnasemaje?

MCHANGIAJI (Mbagala):
Kaka pole na shamba ila mi nakaanga mihogo na samaki, mafuta nanunua ya kupima. Mkipandisha ushuru anayelipa ni mimi na mteja wangu wa mia tano, siyo Malaysia. 2022 nilipunguza vipande vya mhogo kwenye sahani mpaka wateja wakanuna. Hiyo namba yako ya miaka 10 mi itanisaidia nini?

MCHANGIAJI MWINGINE:
Tatizo ni uzembe tu, Malaysia walikuja Kigoma wakachukua mbegu za michikichi sasa wanatuuzia mafuta. Wapewe wawekezaji mashamba makubwa mambo yaishe.

MLETA MADA:
Dada wa Mbagala hoja yako ni nzito na sitaki kuipita juu juu. Kweli ushuru ukipanda unaumia wewe kwanza, mi mwenyewe mke wangu ananunua mafuta dukani alizeti ikiisha ndani. Lakini kumbuka 2022 hiyohiyo, Indonesia walizuia kusafirisha mawese tarehe 28 Aprili mpaka Mei 23, kisa kwao bei imepanda wanataka kulisha watu wao kwanza. Siku kama hiyo ushuru hata uwe sifuri hauna msaada kama hakuna mafuta ya kuleta. Ndo maana nasema hata kiwango kikiwekwa cha chini kidogo kwa ajili yako, mi nitakikubali, ila nikijue Desemba kabla sijafukia mbegu. Nikijua naweza kupiga hesabu nilime ekari ngapi, mkamuaji naye anajua akope benki au asikope.

Ndugu wa Kigoma, hiyo stori tunaipenda sana ila haiko hivyo. Mchikichi asili yake Afrika Magharibi, miche 4 ilipandwa bustani ya Bogor kule Java, Indonesia, mwaka 1848, na Malaysia walianza shamba la biashara 1917. Wametupita kwa sababu wameshikilia zao moja miaka mia na zaidi, utafiti juu ya utafiti. Sisi TARI Kihinga, kituo cha utafiti wa kilimo cha serikali huko Kigoma, wanazalisha miche ya Tenera, mchikichi chotara wenye mafuta mengi, ni kazi nzuri kabisa, lakini mchikichi unakaa kama miaka mitatu ndo uanze kuzaa, hapo bajeti tatu zimeshapita kila moja na ushuru wake.

Na mashamba makubwa, muulize mzee yeyote wa Kongwa. Waingereza 1947 walileta matrekta kulima karanga za mafuta, Kongwa, Urambo na Nachingwea, 1951 wakafunga, ardhi ngumu mvua hakuna. Leo Kongwa hiyohiyo alizeti inalimwa na wakulima wadogo wenye ekari mbili tatu.

Waliopanda Tenera Kigoma miaka ya 2019 na 2020 wako humu? Semeni chikichi mmeuza bei gani msimu huu, na kama mngepanda tena.