MREJESHO: Kombaini imefika salama Chimala

Wakuu, niliuliza hapa namna ya kuhamisha kombaini (mashine ya kuvunia) ya mpunga kutoka Igawa hadi Chimala, mkoani Mbeya, kwa barabara kuu ya Tanzam. Tumefika, asanteni sana. Tulifungua kichwa cha kuvunia (sehemu ya mbele inayokata mpunga) chenye upana wa mita 4, tukakilaza kwa urefu kwenye tela, kibali mkononi, tukaondoka kulipopambazuka na pikapu mbele na nyuma zenye bendera nyekundu.

Kosa letu: pikapu ya nyuma ilikuwa karibu mno. Lori lilitokea kwenye kona, likachelewa kupunguza mwendo, likavunja kioo cha pembeni cha kombaini. Tukairudisha pikapu hiyo mita 150 nyuma, na malori yakijazana tulisimama pembeni yapite.

Mkuu uliyesisitiza kichwa kifunguliwe, Mungu akubariki. Bila hivyo, kwenye daraja la njiani tusingepita kwa upana wake.