Mrejesho: sungura wangu na nyasi mpya

Wakuu nimerudi. Niliwauliza namna ya kumtoa sungura wangu kwenye alfalfa (majani makavu ya jamii ya kunde) nimhamishie timothy (nyasi kavu za mabua), maana ameshavuka miezi 6 na mkojo ulikuwa mzito mweupe kama chokaa, alfalfa ina kalsiamu nyingi mno kwa sungura mkubwa. Basi nimechanganya kidogo kidogo kama mlivyosema, mwanzoni alikuwa anachambua vijani vya alfalfa mabua ya timothy anayaacha, roho iliniuma ila sikumbadilishia ghafla, sungura akigoma kula hata nusu siku tumbo linaweza kusimama, yaani kuacha kusaga chakula, na hapo ni kumkimbiza kwa daktari. Sasa hivi anavuta bua refu anatafuna mpaka mwisho, kinyesi vidonge vikubwa vikavu, mkojo nao umeanza kusafika. Asanteni sana jamani.