Wiki ya 33 tumbo linakaza na kuachia, niende hospitali au nisubiri?

mamakijacho_mbagala: Habari zenu wapendwa, hii ni mimba yangu ya kwanza, kwa kadi ya kliniki nina wiki 33 na siku 2. Tangu jana jioni tumbo linakaza linakuwa gumu halafu linaachia, haliumi kivile ila kiuno kinauma kama nakaribia period, na leo asubuhi nimeona ute mzito kwenye chupi una kama damu damu. Mama mkwe anasema ni uchungu wa uongo, ninywe uji nilale, na mume kasafiri. Niende au nisubiri kliniki ya Jumatatu?

mama_njiti: Mdogo wangu usisubiri Jumatatu, nenda sasa hivi. Wangu alizaliwa wiki ya 31 sababu nilikuwa nangoja maumivu ya kulia, kumbe uchungu wangu ulikuja kiunoni tu. Nilikuwa nafua, kila nikisuuza nguo mbili tatu nanyanyuka najishika ukuta, nikajua ni kuinama kwenye beseni. Nafika hospitali njia imeshafunguka sentimita 6, sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto nilichomwa moja tu akatoka. Nilikaa naye kifuani ngozi kwa ngozi, ile wanaita kangaruu, wiki 5. Namshukuru Mungu yuko darasa la pili sasa, ila ule usiku siusahau.

bint_tanga: Mi pia lilikaza hivyo wiki ya 34, nikanywa maji mengi nikalalia ubavu wa kushoto likaisha kabisa. Jaribu kwanza hivyo shosti.

mkunga_zamu: Bint, hiyo inafaa kama hakuna dalili nyingine, ila huyu kashaona ute wenye damu, asijaribu chochote nyumbani. Uchungu wa uongo hauna mpangilio, ukipumzika unakata. Wa kweli unakuja na kurudi na unazidi kukaribiana. Weka kiganja juu ya tumbo, likikaza ukaligusa likawa gumu kama paji la uso, tazama saa, halafu tazama tena linapokaza mara ya pili. Kila dakika 10 au chini ya hapo kabla ya wiki 37 ni hospitali, hata kama haliumi. Lakini wewe dada hesabu ukiwa kwenye bajaji. Maji yakitoka yenyewe huwezi kuyabana kama mkojo, au ukihisi mtoto anakandamiza chini, au kapunguza kucheza, hiyo pia ni kuwahi. Vaa pedi safi, usijiingize kitu chochote ukeni. Ukiweza nenda moja kwa moja hospitali yenye wodi ya njiti, yaani watoto waliozaliwa kabla ya wakati, zahanati watakupa rufaa tu muda unaenda. Nakuharakisha sababu kabla ya wiki 34 kuna sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto na inataka kama siku mbili ifanye kazi vizuri, wakati huo unaweza kupewa dawa ya kutuliza uchungu. Waombe wakupime na mkojo, UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, inaleta uchungu hata kama hausikii muwasho wala nini.

mamakijacho_mbagala: Nimefika, jirani ndo kanileta. Njia imefunguka sentimita 2, nimechomwa sindano ya kwanza na UTI kweli imeonekana. Nimelazwa, mama mkwe yupo njiani na kanga. Mtoto anapiga mateke hapa ubavuni, asanteni sana.

mama_njiti: Alhamdulillah. Kesho tupe habari mdogo wangu, nitakuwa nachungulia hapa.